UZI: Sauti ya upole si sifa ya kwanza ya mpokea simu za dharura. Leteni hoja

#1 Mtunza_Zamu

Wakuu, habari za leo.

Kila mpokea simu za dharura anaposifiwa, kinachotajwa kwanza ni utulivu wake. Sauti haikutetereka, hakupandisha hasira, alimtuliza mama wa watu. Hoja yangu ni kwamba utulivu ni sharti la kuingia kazini tu. Kinachookoa mtu ni mpangilio wa maswali. Anayeuliza ovyo kwa sauti tamu bado anapoteza dakika za mgonjwa.

Mpangilio wenyewe si mrefu. Kwanza mahali. Pili namba ya simu inayotumika, ili laini ikikatika ujue pa kurudi. Tatu, nini hasa kimetokea, kwa sentensi moja. Kisha umri, kama ana fahamu, kama anapumua. Ukifika hapo gari linatoka, na mengine unauliza likiwa barabarani. Laini ikikatika sekunde ya 20 na mahali unapajua, mtu atafika hata kama hajui anakwenda kukuta nini. Ikikatika ukiwa umeshasikia kisa chote bila kupata mahali, huna la kufanya.

Zamani kila kituo kiliuliza kilivyojua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Jeff Clawson, akiwa na idara ya zimamoto ya Salt Lake City, alitunga kadi za maswali, tatizo kwa tatizo. Kadi hizo ndizo zilizozaa mfumo unaotumiwa leo na vituo vingi duniani. Tangu hapo kazi hii ikawa taaluma.

Sasa semeni: ujuzi gani unatangulia?

#2 BintiWadi

Mkuu, nakupinga mapema. Maswali yameandikwa kwenye skrini, anayejua kusoma atayasoma. Kinachotenganisha watu ni sikio.

Chukua moyo uliosimama. Unauliza "anapumua?", mpigaji anajibu "ndiyo, anapumua". Amekwambia kweli kwa anavyoona yeye. Lakini moyo ukisimama, shina la ubongo huendelea kwa muda kurusha pumzi za mwisho: mgonjwa anakoroma, anavuta hewa kwa nguvu kisha kimya, anapanua mdomo bila kifua kupanda sawasawa. Mpokea simu aliyeandika "anapumua" na kwenda swali linalofuata amempoteza mgonjwa huyo bila kuvunja utaratibu wowote.

Swali sahihi ni "anapumua *kawaida*?" Ukisikia anakoroma, anavuta kwa mbali, anatweta kidogo kidogo, hilo ni jibu la hapana. Ukiwa na shaka, mwambie mpigaji aseme "sasa" kila mgonjwa anapovuta pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, yaani moja kila sekunde 3 hadi 5. "Sasa" mbili zikiachana kwa sekunde 10, usiendelee kuhesabu. Anza kubonyeza kifua.

Kuna mtego mwingine. Moyo ukisimama ghafla, mwili unaweza kutetemeka kwa muda mfupi. Mpigaji anasema "ana kifafa" na mpokea simu anafungua kadi ya kifafa. Mtetemo ukikoma, rudi kwenye pumzi mara moja.

#3 Mwalimu_wa_Kifua

Naunga mkono #2, naongeza hatua zenyewe maana hapo ndipo sekunde zinapotea.

Maswali mawili tu: ana fahamu? anapumua kawaida? Hapana na hapana, unaanza. Shirika la Moyo la Marekani linavitaka vituo bora vifikie mkandamizo wa kwanza ndani ya sekunde 90 tangu simu kupokewa. Sekunde 150 ndicho kiwango cha chini. Hizo ni namba za katikati, si za simu bora ya mwaka.

Maelekezo kwa mtu mzima:

Weka simu kwenye spika, iache sakafuni karibu na kichwa chake. Mlaze chali kwenye sakafu ngumu. Piga magoti ubavuni mwake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko. Bonyeza kwa nguvu, chini sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kirudi juu chote. Hesabu kwa sauti nikusikie: moja, mbili, tatu, nne.

Kuhesabu kwa sauti si mapambo. Ndiyo njia pekee ya mpokea simu kujua kasi, na kujua kama mpigaji amechoka au ameacha.

Yanayoharibika ni haya. Mgonjwa yuko kitandani na mpigaji anabonyeza godoro badala ya kifua. Mwambie amvute kwa shuka mpaka chini. Mpigaji anaogopa kuvunja mbavu. Mjibu kwamba mbavu hupona. Mpigaji ni mzee na hawezi kumshusha mgonjwa; mwambie aite jirani huku anafungua mlango. Na kosa la mpokea simu mwenyewe ni kuuliza "ungependa kujaribu kubonyeza kifua?" Watafiti wa Perth, Australia, walichambua simu halisi wakaona wapigaji hukubali zaidi wakiambiwa "sasa tutabonyeza kifua" kuliko wakiulizwa kama wanataka. Tofauti ya maneno matatu manne ndiyo inayoamua kama mikono itafika kifuani.

#4 Fundi_Ramani

#1 umesema mahali ndilo la kwanza, nakubali. Ila umelipita haraka mno.

Watu wanadhani simu ya mkononi inamwonyesha mpigaji kwenye ramani kama nukta. Mnara peke yake unakupa eneo la mamia ya mita mjini, na kilomita kadhaa mashambani. Kilichobadilisha hali ni teknolojia ya AML (Advanced Mobile Location). Ukipiga namba ya dharura, simu inawasha GPS na Wi-Fi yenyewe, kisha inatuma mahali ilipo kwa ujumbe mfupi ambao mpigaji hauoni. Ilianzia Uingereza mwaka 2014, ikaingia Android 2016 na iPhone 2018. Lakini inafanya kazi pale tu kituo cha nchi husika kimeunganishwa kuupokea ujumbe huo. Na hata ikifanya kazi, ghorofa haikuambii. Jengo la ghorofa 20 lenye nukta sahihi bado ni milango mingi ya kugonga.

Sasa kosa la kila siku: mpokea simu anamsomea mpigaji anwani, "ni barabara fulani namba 14, sivyo?" Mtu aliyechanganyikiwa atasema ndiyo kwa chochote. Mfanye *yeye* airudie, wewe ulinganishe na ulichoandika. Kisha uliza makutano ya karibu, rangi ya geti, mlango upi wa kuingilia. Barabara mbili zenye jina moja katika mji mmoja si jambo la ajabu.

#5 Mgeni_Jukwaani

Samahani wakuu, naomba kuuliza kwa niaba ya sisi wapigaji. Mtu anakufa mbele yangu, nyie mnauliza umri, dawa anazotumia, alianza kuumwa lini. Kwa nini msitume gari kwanza ndipo mje kuuliza?

#6 Mtunza_Zamu

Karibu ndugu. Gari huwa limeshatumwa, ila wewe hujaambiwa. Katika vituo vingi watu ni wawili: mmoja anaongea na wewe, mwingine ana redio. Wa kwanza akishaandika mahali na aina ya tatizo, wa pili anaona kwenye skrini yake sekunde hiyohiyo. Maswali yanayofuata hayachelewishi gari. Yanaamua liende na ving'ora au bila, litumwe moja au mawili, watu washuke na vifaa gani.

Kosa ni la mpokea simu asiyesema. Sentensi moja, "nakuuliza huku wenzangu wanakuja, maswali hayawacheleweshi", inaokoa ugomvi wa dakika nzima. Ila iseme tu kama ni kweli gari limetoka.

#7 Redio_Mbili

Nimesoma posti sita na wote mmekaa upande wa simu. Upande wa redio je? Huko ndiko kazi inakoitwa kutuma vikosi.

Mtuma vikosi anabeba picha ya eneo zima kichwani. Gari lililo karibu kwa mstari ulionyooka linaweza kuwa mbali kwa barabara, ng'ambo ya mto au upande wa pili wa reli. Ukilituma gari la mwisho la kanda kwenye kidole kilichoteguka, umeiacha kanda nzima wazi kwa saa moja. Kwa hiyo kila ukituma moja, unauliza papo hapo: nani anaziba pengo?

Halafu kurudia. Amri inatoka, kikosi kinairudia, mtuma vikosi anathibitisha. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa watu wakichoka, na ndipo gari linakwenda mtaa usio wake. Herufi M na N kwenye redio ni kitu kimoja, ndiyo maana tuna alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, iliyokamilishwa mwaka 1956. Namba unazitaja tarakimu moja moja. Muda kwa mfumo wa saa 24.

Kompyuta inasaidia mpaka inapokosea. Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kutuma magari. Mfumo ukapoteza kumbukumbu ya gari lipi liko wapi, ukawa unatuma mawili sehemu moja na kuacha nyingine. Taarifa za makosa zikajaa skrini, wapigaji wasioona gari wakapiga tena, foleni ikazidi kukua. Siku chache baadaye mfumo ulizimika kabisa, watu wakarudi kwenye karatasi. Anayeweza kuendesha zamu kwa karatasi na kalamu ndiye ninayemheshimu.

#8 Kikosi_Cha_Tatu

Shukrani #7. Sasa nawaletea mfano unaovunja kanuni ya #1 na #4.

Gari limetumbukia majini, dereva amepiga simu akiwa ndani. Ukianza na mahali, umemuua. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amelifanyia majaribio jambo hili kwa miaka mingi: dakika ya kwanza, gari likiwa bado linaelea, ndiyo ya kutoka. Maji yakishafika kwenye vioo mlango hausukumiki kwa shinikizo, na kioo hakishuki. Maelekezo ni mafupi: fungua mkanda, shusha kioo, toka, watoto kwanza, na mkubwa kati ya watoto atangulie. Usijaribu mlango. Kioo cha umeme kwa kawaida bado kitafanya kazi muda mfupi huo. Mahali utauliza akiwa juu ya paa au ukingoni.

Kwa hiyo mpangilio ni mzuri mpaka pale unapokutana na hali inayotaka uuvunje. Sifa ninayoitanguliza ni kujua ni lini.

#9 Mtunza_Zamu

#8 hoja nzito, lakini angalia: hata hiyo ya gari majini siku hizi inaandikwa kwenye itifaki, yaani kadi za maswali na maelekezo. Hukumwachia mtu aamue, umempa mpangilio mwingine. Bado niko pale pale.

#10 Kikosi_Cha_Tatu

Basi tuzungumze Grenfell.

Tarehe 14 Juni 2017, London, jengo la ghorofa 24 liliwaka. Kanuni ya majengo marefu pale ilikuwa kubaki ndani ya nyumba yako mpaka wazimamoto wakufikie, kwa sababu moto ulitarajiwa kukaa kwenye nyumba ulikoanzia. Ukuta wa nje ukashika moto, kanuni ikafa saa hiyohiyo, lakini wapokea simu waliendelea kuwaambia watu wabaki. Agizo liliondolewa rasmi saa 8:47 usiku. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, Oktoba 2019, ilisema lingewezekana kuondolewa kati ya saa 7:30 na 7:50. Watu 72 walikufa.

Siwalaumu waliokaa kwenye simu. Hawakuwa na picha ya jengo, na taarifa za kutoka eneo la tukio hazikuwafikia inavyotakiwa. Ripoti yenyewe inasema mafunzo ya moto wa Lakanal House wa mwaka 2009, waliokufa watu 6, hayakuingizwa kazini. Funzo kubwa lilikuwa hili: usimwahidi mpigaji kwamba wazimamoto watamfikia kama huna uhakika. Mwulize moshi umefika wapi, ngazi zinaonekana, wako wangapi, ghorofa ya ngapi, mlango namba ngapi. Na rudia kuuliza, kwa sababu jibu la dakika 5 zilizopita limeshaoza.

Itifaki iliwaambia wasome. Hali iliwataka wasikilize. Ndiyo maana naona #2 yuko karibu na ukweli kuliko wewe.

#11 Hesabu_Kwanza

Mnagombea sifa za mtu mmoja wakati swali ni watu wangapi wako zamu. Mpokea simu hodari mwenye simu 9 kwenye foleni ni hodari asiyesikika. Kipimo cha Marekani ni simu 90 kati ya 100 zipokewe ndani ya sekunde 10. Kituo kikishindwa hapo, ujuzi wote mliotaja haujaanza hata kutumika.

Namba ya dharura ya Uingereza, 999, yenyewe ilizaliwa na foleni. Novemba 1935 moto ulitokea mtaa wa Wimpole, London, wanawake 5 wakafa, na jirani aliyepiga simu akawekwa kusubiri kwenye foleni ya ubao wa simu. Malalamiko yake ndiyo yaliyosukuma namba maalumu, iliyoanza tarehe 30 Juni 1937, ikiwa na taa nyekundu na honi ndani ya chumba cha simu ili opereta aache mengine yote.

Na hili neno "shujaa" linanikera linapotumika kufunika upungufu. Katika uainishaji wa kazi wa serikali ya Marekani wa mwaka 2018, wapokea simu za dharura wamewekwa kwenye kundi la kazi za ofisi na utawala, mbali na polisi na wazimamoto. Kuna mswada wa kubadilisha hilo tangu 2019. Wape zamu za kupumzika, wape haki ya matibabu ya akili, ndipo uwaite mashujaa.

#12 Fundi_Ramani

#11 nakusahihisha kidogo. Sekunde 10 kilikuwa kipimo cha zamani cha NENA, chama cha Marekani cha namba ya dharura, tena kwa saa yenye simu nyingi. Tangu 2020 ni asilimia 90 ndani ya sekunde 15 na asilimia 95 ndani ya sekunde 20, simu zote. Hoja yako inasimama, namba ndiyo imehama.

#13 Hesabu_Kwanza

Nimepokea, ahsante.

#14 Sauti_ya_Alfajiri

Naona utulivu umezikwa kwenye posti ya kwanza na hakuna aliyeutetea. Naufukua.

Utulivu wa mpokea simu ni mbinu, una hatua zake. Mpigaji akipiga kelele, usipandishe sauti kumzidi, na usiseme "tulia", neno hilo halijawahi kumtuliza mtu. Muulize jina. Kisha toa agizo moja pamoja na sababu yake: "Asha, weka simu kwenye spika ili tumsaidie baba." Hakusikia? Rudia maneno *yaleyale*, kwa sauti ileile, mwendo uleule. Tena. Tena. Mara ya tatu au ya nne yanapenya. Ukibadilisha maneno kila mara, mtu aliyevurugika analazimika kuyaelewa upya. Na ukipandisha sauti anasikia hofu yako, agizo linapotea.

Halafu usiahidi. "Atapona" si neno la mpokea simu. "Niko nawe, usikate simu" ni ahadi unayoweza kuitimiza.

Bila hayo, maswali ya #1 hayana wa kuyajibu na sikio la #2 halina cha kusikia.

#15 Mtunza_Zamu

Dada #14, umeandika vizuri, lakini Clawson huyohuyo na wenzake waliwapima wapigaji kwa kipimo cha hisia na ushirikiano, 1 hadi 5, ambapo 1 ni mtu anayeongea kawaida na 5 ni aliyepagawa asiyedhibitika kabisa. Wengi mno walikuwa kwenye 1. Mbinu yako ni ya lazima kwa wachache. Maswali ni kwa wote.

#16 Sauti_ya_Alfajiri

Wachache hao ndio ambao mtoto wao hapumui, mkuu. Usiwapime kwa wingi wao.

#17 BintiWadi

#16 hapo umemshika 😄

#18 Mgeni_Jukwaani

Swali jingine wakuu. Na mtu asiyeweza kuongea? Mfano yuko na anayempiga chumba kimoja.

#19 Redio_Mbili

Hapo mpokea simu anageuza maswali yote yawe ya ndiyo na hapana. Uko hatarini? Yuko chumba hichohicho? Ana silaha? Watoto wapo? Mpigaji akianza kuongea kama anaagiza chakula au anamjibu rafiki, usimsahihishe, ingia kwenye mchezo huo: "jibu ndiyo kama huwezi kuongea". Silaha iulizwe mapema, kwa sababu inaamua kama watu wa ambulensi wataingia au watasubiri polisi mtaa wa pili.

Kimya kabisa? Mwombe agonge au akohoe, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Sikiliza nyuma: mlango, kilio, televisheni. Uingereza wana utaratibu wao kwa simu za mkononi: opereta asiposikia kitu anamtaka mpigaji abonyeze 55, ndipo anaunganishwa na polisi. Watu hueneza kwamba 55 inatuma mahali ulipo. Si kweli, inasema tu kwamba simu si ya bahati mbaya. Na ni ya Uingereza. Usiibebe nchi nyingine ukitegemea itafanya kazi.

#20 Fundi_Ramani

Kwa mahali, kwa mtu aliyepotea porini, kuna pia mfumo wa what3words, unaogawa dunia katika miraba ya mita 3 kwa 3 na kila mraba una maneno matatu. Vituo kadhaa vinaupokea. Tatizo ni maneno yanayokaribiana kwa sauti: herufi moja ya wingi (kama s ya Kiingereza) ikipotea umepelekwa mraba mwingine. Ukiutumia, mwambie mpigaji ataje kila neno herufi kwa herufi, kisha linganisha na mnara wa simu. Nukta za latitudo na longitudo zikisomwa tarakimu moja moja, mimi nazipendelea.

#21 Zao_la_Kompyuta

Mnazungumza kana kwamba binadamu ataendelea kuwa peke yake. Copenhagen walifundisha kompyuta kusikiliza simu na kutambua moyo uliosimama, na kwenye rekodi za zamani ilitambua zaidi na mapema kuliko watu. Sikio la #2 linaweza kuwa programu.

#22 BintiWadi

Malizia hadithi, ndugu. Walipoijaribu kwenye simu zinazoingia, matokeo yakatoka 2021: kwenye nusu ya simu ambazo kompyuta ilishuku moyo umesimama wapokea simu walionyeshwa tahadhari, kwenye nusu nyingine hawakuonyeshwa, na hakukuwa na tofauti ya maana katika kutambua. Kompyuta ilisikia, lakini mtu lazima aiamini na abadilishe mwelekeo katikati ya sentensi. Tatizo limehama tu, kutoka sikioni kwenda kwenye uamuzi. Sasa nani ana hoja, wewe au #8?

#23 Mwalimu_wa_Kifua

Na muda hausubiri mjadala. Bila kubonyezwa kifua, nafasi ya kuishi hushuka karibu asilimia 10 kila dakika. Mashine ya kushtua moyo ikifika ndani ya dakika 3 hadi 5, kuishi kunaweza kufika asilimia 50 hadi 70. Kwa hiyo kuna swali moja mnalolisahau: mko wangapi hapo? Akiwa peke yake, asiondoke kifuani. Wakiwa wawili, mmoja anabonyeza, mwingine anafuata mashine, na wanabadilishana kila dakika 2. Kituo chenye orodha ya mashine za jirani kinaweza kumwambia mpigaji iko ukuta gani.

#24 Mkunga_Simu

Salaam. Hamjagusa kujifungua, na huko nidhamu ni ya *kutofanya*. Usivute mtoto, usikate kitovu, usisukume kichwa kirudi. Kichwa kikitokea, weka kiganja wazi kukiegemeza, bila kuvuta. Mtoto anateleza, mpokee kwa taulo. Mkaushe, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili. Kondo likitoka lenyewe, liache limeunganishwa na ulihifadhi. Mama akivuja damu nyingi, mpapase tumbo chini ya kitovu kwa nguvu, kwa mzunguko.

Mpokea simu anayepapatika kutoa maelekezo mengi huku mtoto anakuja peke yake ndiye anayeleta madhara. Kujua kunyamaza kwa sekunde 30 ni ujuzi.

#25 Hoja_Ndogo

#24 kitovu kikiwa kimezunguka shingo?

#26 Mkunga_Simu

Kikiwa kimelegea, kipitishe taratibu juu ya kichwa. Kikibana, usikivute wala usikikate, mwache mama amalize kumtoa mtoto, kisha kizungushe kitoke.

#27 Hoja_Ndogo

Na mtoto mdogo aliyepaliwa? #3 ametupa mtu mzima tu.

#28 Mwalimu_wa_Kifua

Kweli, nilibana kwa mtu mzima. Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Mgeuze, bonyeza kifua kwa vidole katikati mara 5. Rudia. Tumbo usiguse, ini lake ni kubwa na laini. Zaidi ya mwaka 1: mgongo 5, tumbo 5. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona. Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe.

Akipoteza fahamu, kifua: theluthi ya unene wa kifua chake, yaani kama sentimita 4 kwa mchanga na 5 kwa mkubwa kidogo. Na kwa mtoto tunataka pumzi za mdomo pia, maana kilichomwangusha mara nyingi ni kukosa hewa, moyo umefuata baadaye.

#29 Hesabu_Kwanza

Mjadala mzuri, lakini hakuna aliyenijibu kuhusu baada ya simu. Mpokea simu haoni mwisho. Gari linafika, laini inakatwa, simu inayofuata inaita. Hajui kama mtoto aliishi. Utafiti wa Marekani umeshaonyesha dalili za msongo baada ya kiwewe kwa watu ambao hawajakanyaga eneo la tukio hata mara moja. Hiyo nayo ni sifa ya kupima? Au ni gharama tunayowabebesha?

#30 Sauti_ya_Alfajiri

Ni gharama, na inapunguzwa kwa vitu vidogo vinavyowezekana. Baada ya simu ya kifo cha mtoto, mtoe kwenye laini dakika 15 hata kama anasema yuko sawa. Mrudishie matokeo akiyataka, na umuulize kabla kama anayataka. Kikao cha kusikiliza rekodi kisifanywe siku hiyohiyo.

#31 Mtunza_Zamu

Hapo kwenye rekodi ndipo nataka tuendelee, kwa sababu #2 anasema sikio ndilo la kwanza. Sikio linafundishwaje? Maswali naweza kumfundisha mtu kwa wiki sita.

#32 BintiWadi

Kwa rekodi, lakini si zile nzuri zinazochezwa kwenye mafunzo. Chukua simu zote ambazo kikosi kilifika kikakuta moyo umesimama na mpokea simu alikuwa ameandika kitu kingine: kuanguka, kifafa, kuzimia, ulevi. Zisikilizeni wawili wawili bila kuona kilichoandikwa kwenye skrini. Simamisha rekodi pale mpigaji anapoelezea pumzi kwa mara ya kwanza, na muulize mwanafunzi: umesikia nini? Wengi watarudia neno la mpigaji. Anayesema "nimesikia pumzi tatu katika sekunde 25" ameanza kuiva.

#33 Mtunza_Zamu

Basi huo ni mpangilio wa maswali kwa mwanafunzi.

#34 BintiWadi

Ni mpangilio wa kusikiliza, mkuu. Njoo na mfano ambao maswali yalikuwa sahihi yote, yamefuata kadi neno kwa neno, na sikio halikuhitajika. Nasubiri hapa.

#35 Redio_Mbili

Mkiendelea kuvutana, mwenye muda afungue uzi wa kukabidhiana zamu. Simu zilizo wazi, vikosi vilivyo eneo la tukio bila kusikika zaidi ya dakika 10, barabara zilizofungwa, anwani zenye tahadhari ya silaha. Vituo vingi vinakabidhi hayo kwa mdomo huku mmoja anavaa koti.